Ushauri: Kodi ya vyumba vya Goba na IRS wa Marekani

Kifaru wa Columbus: Wakuu heshima kwenu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba, grini kadi ninayo, kazi ghalani. Nina vyumba vya kupangisha Goba, kodi inaingia benki ya huko nyumbani. Jana jamaa kazini ananiambia IRS, yaani TRA ya Marekani, wanaitaka na hiyo. Usingizi umepaa. Nani anamjua mtu wa kunifailia ritani ya kodi kwa bei ya kibinadamu?

Popo wa Muscat: Unakula kodi halafu hutaki kulipa kodi 😂 Mimi huku Oman mshahara unaingia mzima. Kodi ya mapato ya kwao inaanza 2028, tena kwa wanaozidi riali 42,000 kwa mwaka. Dereva inanihusu nini? Ila jua la Julai, acha tu.

Dalali Mstaafu: Goba ipi, Kinzudi? Nina mteja.

Mama Ritani: Mwenye grini kadi anatozwa kwa kipato cha dunia nzima. Pango unalitaja, unatoa gharama zako, na ulicholipa TRA unaombea nafuu kwa fomu 1116. Halafu kuna FBAR, ripoti ya akaunti za nje. Nyumba haimo, akaunti ndiyo. Zote kwa jumla zikizidi dola 10,000 hata siku moja, unajaza. Yako ilifika ngapi?

Kifaru wa Columbus: Si nyingi.

Mama Ritani: Si nyingi ngapi?

Kifaru wa Columbus: Milioni 61. Lakini ilikuwa ya kiwanja, ilikaa wiki mbili tu.

Mama Ritani: Na lile swali la Schedule B, ile fomu ndani ya ritani, kama una akaunti nje ya Marekani?

Kifaru wa Columbus: Aliyenifailia aliniuliza, nikamwambia weka hapana. Foleni ilikuwa ndefu, ningeeleza ukoo mzima? Na wiki iliyopita nimezihamishia zote kwa mama. Hela ya familia hiyo, Mzungu ataniuliza nini?

Mzee wa Kanisa: Ya Kaisari mpe Kaisari, kijana.

Mama Ritani: Kuhamisha hakufuti kitu, wanaangalia kilele cha mwaka. Na zawadi kwa mtu mmoja ikipita dola 19,000 kwa 2025 ina fomu yake, 709. Ipo njia ya kujisafisha: ritani za miaka 3, FBAR za miaka 6, na kwa anayeishi Marekani faini ya asilimia 5. Lakini ni ya asiyekusudia. Wewe uliulizwa, ukasema hapana. Tafuta mwanasheria wa kodi kabla hujajaza chochote.

Jicho la Tatu: Chai hii. Machi ulifungua uzi uko Guangzhou, unatafuta mwenza wa kontena. Leo Ohio miaka saba?

Kifaru wa Columbus: Ule aliufungua shemeji kwa ID yangu.

Jicho la Tatu: Shemeji huyo ndiye mwenye vyumba?

Popo wa Muscat: Weka andazi tunywe 😂

Dalali Mstaafu: Jamani, vyumba vipo havipo? Mteja ameshapanda bodaboda.

Kifaru wa Columbus: Vipo, vimejaa. Mama Ritani, hizo za mama nizirudishe? Maana ameshanunua bati.