Ulinganisho: wano jembamba zito au wano nene jepesi kwa upepo wa ubavuni?

Mwinda_Mpole
Wakuu, salaam. Nataka kuunda mishale kumi na miwili ya kuwindia kabla msimu haujafunguliwa, na nimekwama kati ya aina mbili. Ya kwanza ni wano (mti wa mshale) la kaboni lenye kipenyo cha ndani cha milimita 6.2, mshale mzima gramu 26, mapezi ya mkiani matatu marefu. Ya pili ni wano la milimita 4.2, mshale mzima gramu 33, mapezi manne mafupi. Ninakowindia ni uwanda mtupu, upepo haulali, na mara nyingi unatoka kushoto. Mishale niliyonayo sasa inahamia kulia, mara kiganja kimoja, mara kimoja na nusu. Nichukue ipi? Oda naifunga kesho.

Kigumba
Mkuu, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. Upinde gani? Nguvu ya kuuvuta pauni ngapi? Unavuta inchi ngapi? Unarusha mita ngapi? Na kubwa kuliko yote, mbele unafunga chembe (kichwa cha mshale) gani? Umeeleza mapezi, umeeleza wano, chembe hujakitaja kabisa.

FundiWano
Maswali ya Kigumba ni ya haki, lakini jibu langu halitabadilika: jembamba zito.

Wengi wanadhani upepo unausukuma mshale kama unavyosukuma jani. Mshale wenye mapezi unageuza pua kidogo kuelekea upepo unakotoka, kama mtumbwi unavyovushwa mtoni, pua juu ya mkondo. Kinachouhamisha ni mwendo unaoupoteza njiani. Chukua mshale unaotoka na mwendo wa mita 85 kwa sekunde. Kama hewa isingekuwepo, ungefika mita 40 kwa sekunde 0.47. Tuseme kwa sababu ya hewa unafika kwa 0.48. Hiyo tofauti ya sekunde 0.01 ndiyo unayoizidisha kwa mwendo wa upepo. Upepo wa mita 6 kwa sekunde unakupa kama sentimita 6. Kwa hiyo unatafuta mshale usiochoka njiani. Wano jembamba linagusa hewa kidogo, na uzito unaulinda mwendo. Warushaji wa Olimpiki hawatumii mawano membamba kama X10 ya Easton kwa urembo.

Nyoya_Tatu
Fundi, nakuheshimu, lakini warushaji wa Olimpiki hawafungi visu mbele ya mshale! Chembe chenye makali yaliyo wazi ni mabawa. Upepo ukikipiga ubavuni kinataka kuuongoza mshale chenyewe, na kazi ya nyuma ni kukinyima uongozi. Mapezi mafupi hayawezi kazi hiyo. Mimi natumia manyoya ya bata mzinga, inchi 4, matatu, yamegandishwa kwa mzunguko, na chembe changu kinakwenda kinakotumwa.

Halafu huo mshale wa gramu 33, kwenye upinde uleule, unashuka hadi mita 76 hivi kwa sekunde. Kosea umbali kwa mita tatu uone utakapopiga.

FundiWano
Nimeuona, maana nimepiga hesabu. Ukilenga mita 40 na mnyama yuko 43, mshale wa mwendo wa mita 85 kwa sekunde unapiga chini sentimita 9. Wa mita 76 unapiga chini sentimita 11. Tunagombania sentimita mbili. Na manyoya yakilowa mvua yanalala, hilo halina mjadala.

Nyoya_Tatu
Kuna unga wa kuyapaka yasilowe. Nimewinda na manyoya miaka mingi, na mvua zote zimenikuta.

Mwinda_Mpole
Samahanini wakuu, ni kweli sikueleza. Upinde ni kompaundi (wa magurudumu), pauni 60, navuta inchi 28 na nusu. Narusha mita 35 hadi 40. Chembe ni cha makali matatu yasiyokunjuka, gramu 6.5. Mawano niliyonayo ni namba 400. Kwa mishale mipya nafikiria chembe cha gramu 11 ili uzito ukae mbele.

Kigumba
Sasa tunaongea. Namba 400 kwa upinde wako na chembe cha gramu 6.5 iko mpakani. Ukiongeza gramu nne na nusu mbele, wano litapinda kupita kiasi pale upote (uzi wa upinde) unapolisukuma. Kumbuka namba hiyo inatoka wapi: wano linalazwa juu ya vishikio viwili vilivyoachana inchi 28, katikati linaning'inizwa uzito wa gramu 880, kisha linapimwa limepinda kiasi gani. Likipinda inchi 0.400 ni namba 400. Likipinda 0.340 ni 340. Namba ndogo ndiyo ngumu. Ukitaka chembe kizito, nenda 340 au hata ngumu zaidi. Mengine ya upepo yaje baada ya hapo.

Pima pia uzito wa mbele. Tafuta mahali mshale mzima unaposimama sawasawa juu ya kidole. Wano la sentimita 71, kuanzia shimo la upote hadi linapoishia, nusu yake ni 35.5. Kama linasimama kwenye 44.5, umepita katikati kwa 9. Gawa kwa 71, unapata asilimia 12 na ushei. Mimi kwa kuwindia napenda kati ya 10 na 15.

MamaPodo
Mdogo wangu Mwinda, tafadhali usifunge oda kesho. Ngoja nikusimulie.

Misimu mitatu iliyopita nilihamia kwenye mawano membamba kwa maneno hayahaya ninayoyasoma hapa. Niliweka vyembe vya gramu 11, nikabaki na namba 400 kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Mawano membamba hayapokei kishikizo cha kawaida ndani (kile cha kufungia chembe), yanavalishwa pete ya chuma kwa nje, na chembe kinafungwa kwenye pete. Aliyenikatia mawano aliniambia ncha zake zimekatwa sawasawa. Nikaamini. Nikagandisha pete zote jioni moja, kwa gundi ya kukauka haraka.

Mazoezini, na ncha za duara, mishale ilikaa pamoja mita 40 kama vidole vya mkono. Nikafurahi. Siku ya siku akatokea kulungu dume, mita 38, amesimama ubavu, upepo unatoka kulia. Nikaachia. Niliuona mshale ukitoka vizuri, halafu katikati ya safari mkia ukaanza kuchora duara, na ukakatia kushoto kama umevutwa na kamba. Ulimpiga tumboni. Nilisubiri saa nyingi kama inavyotakiwa, nikafuata damu mpaka giza, nikarudi alfajiri. Nilimkuta kwenye korongo, fisi wameshamaliza. Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa kosa langu, na mpaka leo nikishika mshale namkumbuka.

Nyumbani nilichukua ile mitano iliyobaki podoni (mfuko wa mishale). Niliweka ncha ya chembe juu ya ukucha wa kidole gumba, nikauzungusha mshale kwa vidole viwili. Miwili ilitulia. Mitatu ilitetemeka ukuchani kama nyigu aliyeshikwa. Niliong'oa pete kwa moto mdogo, nikatazama ncha ya wano: upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa unene wa karatasi mbili. Karatasi mbili tu! Ncha ya duara inalisamehe kosa hilo. Chembe cha makali kinalikuza, na upepo wa ubavuni unalimalizia.

Siku hizi nasawazisha kila ncha kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, nageuza wano robo kwa robo, natumia gundi ya kukauka polepole ili nipate muda wa kuzungusha pete mpaka chembe kitulie. Usiotulia ukuchani hauingii podoni.

FundiWano
Pole sana dada. Hili ndilo tatizo la kweli la mawano membamba na silikatai. Yale ya milimita 5.2 yanapokea vishikizo vya ndani vilivyo imara. Huenda Mwinda akaangalia hayo, ingawa hakuyataja.

Pima_Maji
Nimesoma yote, na hakuna aliyeuliza kama jamaa ana pima maji kwenye upinde (kichupa chenye kiputo kinachoonyesha kama umesimama wima). Upepo unamsukuma mrushaji kabla haujausukuma mshale. Mkono unahangaika, mwili unaegemea upepo ili usisukumwe, na upinde unainama nao bila mwenyewe kujua. Kwa mshale wa mita 85, upinde ukiinama digrii 3 tu, kwenye mita 40 umehama karibu sentimita 6. Ni zilezile sentimita 6 za Fundi! Mtu anaweza kubadilisha mawano yote na asiguse chanzo.

Nyoya_Tatu
Akiegemea upepo wa kushoto, upinde unainama kushoto na mshale unakwenda kushoto. Yake inakwenda kulia.

Pima_Maji
Au anazidisha kurekebisha. Au upepo unampeleka kulia pamoja na upinde. Ndiyo maana nataka atazame kiputo, tusibahatishe.

Kigumba
Kuna kipimo kingine kinachotenganisha mambo. Siku isiyo na upepo, rusha mishale mitatu ya ncha za mazoezi na mitatu ya vyembe vya makali, mita 30. Kama ya makali inakwenda kulia hata kukiwa kumetulia, basi upepo unasingiziwa: upinde na mshale havijapatana.

Mwinda_Mpole
Pima maji ninayo ila sijawahi kuikagua kama imekaa sawa. Jana jioni upepo ulitulia, nikafanya kipimo cha Kigumba. Mishale ya makali imekaa kulia kwa vidole vitatu. Mmoja katika mitatu unatetemeka ukuchani. Oda nimeisimamisha. Ila swali langu liko palepale: nikishayarekebisha hayo, jembamba au nene?

FundiWano
Jembamba, ugumu 340, mapezi manne mafupi yaliyoinamishwa kidogo.

Nyoya_Tatu
La milimita 6.2, manyoya matatu. Na ukipenda, chembe cha kufunguka, kisichotandaza makali hewani mpaka kifike. Upepo hauna pa kushika.

MamaPodo
Vya kufunguka vinakula nguvu pale vinapogusa. Kwa pauni 60 mimi nisingethubutu kwa mnyama mkubwa. Na siku za upepo mkali shuka hadi umbali wa mita 25, au mwache apite.

Mtu_Uta
Samahanini kuingilia, natumia uta wa mti usio na magurudumu, mishale ya mianzi. Upote wangu unachanika nyuzi karibu na noki (mkato wa mkiani mwa mshale unaoshika upote). Mnapaka nta ya nyuki tupu au mnachanganya na kitu?

MamaPodo
Tupu. Ipashe kwa kusugua na kipande cha ngozi mpaka iingie ndani ya nyuzi. Ila zikishakatika nyuzi usipake kitu, badilisha upote. Noki zako zina ukali? Pitisha uzi wa pamba humo, ukinasa umepata mchawi.

Mtu_Uta
Umenasa kwenye mishale miwili. Asante mama.

Kigumba
Mwinda, jambo moja bado hujatwambia. Hayo mawano unayakata urefu gani? Ukikata inchi moja fupi, yote tuliyosema kuhusu 400 na 340 yanabadilika.