Baba ana dalili za demensia: kwa nini kliniki inataka kupiga picha ya moyo?

MwanaTanga

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa tiba, kwa sababu ndugu zangu wamegawanyika na mimi ndiye ninayetakiwa kupeleka jibu kliniki.

Baba yetu ana umri wa miaka 76 na ninaishi naye hapa Uingereza. Kila jioni hunitaka niwaandalie chai watoto walioketi karibu na dirisha. Watoto hao hawapo, lakini yeye anaweza kueleza rangi za nguo zao, na wala hawaogopi. Kinachomuudhi ni sisi kuwanyima wageni haki yao. Kuna siku anakagua hesabu za duka la kaka yangu na kugundua kosa la kujumlisha ambalo sote hatukuliona, na kuna siku anashindwa kufunga vifungo vya shati. Kliniki ya kumbukumbu inasema haiwezi kutegemea mabadiliko hayo peke yake, kwa kuwa ana kisukari na sukari yake hupanda na kushuka. Kutembea kwake ni kwa kawaida na mikono haitetemeki.

Sasa daktari anashuku demensia (ugonjwa wa kupotewa na akili na kumbukumbu) ya miili ya Lewy badala ya ile ya Alzheimer, na amependekeza kipimo cha moyo kiitwacho MIBG, kwa kuwa kipimo cha ubongo ambacho angekitumia kwanza hakipatikani hospitalini kwao. Kaka yangu anauliza, na mimi sina la kumjibu: ugonjwa uko kichwani, moyo umeingiaje?

KameraYaGama

Wa alaikumu salaam, Dada. Ninafanya kazi katika idara ya tiba ya nyuklia, kwa hiyo nitaeleza upande wa kipimo na kuwaachia madaktari upande wa ugonjwa.

Katika demensia ya miili ya Lewy, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya chembe za neva, na mkusanyiko huo hauishii kwenye ubongo. Huzifikia pia neva zinazokwenda kwenye utumbo na zile zinazouamuru moyo uende mbio mtu anaposhtuka au anapoinuka, na mara nyingi neva hizo za moyo huharibika mapema. Ncha zake hutoa kemikali ya noradrenalini na kisha kuivuta tena ndani. Dawa ya MIBG imeundwa ifanane na noradrenalini, ikaunganishwa na iodini-123 yenye mionzi, hivyo neva zilizo hai huivuta na kamera ya gama huiona mahali ilipokwenda. Hatupimi nguvu ya moyo. Tunapima kama neva zake bado zipo.

Siku ya kipimo mgonjwa hupewa kinga ya tezi ya shingo, ili tezi isijinyakulie iodini yenye mionzi. Kisha huchomwa sindano mkononi, na picha ya kwanza hupigwa baada ya dakika 15 hadi 30, na ya pili baada ya saa 3 hadi 4. Tunalinganisha mwanga wa eneo la moyo na wa sehemu ya kifua iliyo kati ya mapafu. Kwa mgonjwa wa Alzheimer ambaye moyo wake ni mzima, moyo huonekana dhahiri upande wa kushoto wa kifua. Kwa mwenye miili ya Lewy, ini linaonekana wazi kule chini, lakini mahali pa moyo panakuwa patupu kana kwamba umefutwa kwa raba. Mara ya kwanza nilipoiona picha ya namna hiyo nilidhani kamera imeharibika.

Nina maswali matatu kabla hujamjibu daktari. Je, mzee amewahi kupata shambulio la moyo au moyo kushindwa kufanya kazi? Kisukari chake kimeshaathiri neva, kwa mfano miguu kuwaka moto au kufa ganzi? Na anatumia dawa zipi, zikiwemo za mafua za kununua dukani? Hali hizo zinaweza kuufanya moyo uonekane mtupu hata kama ubongo hauna miili ya Lewy kabisa.

Bakari wa Temeke

Samahani kwa kuingilia. Hapa Dar es Salaam mama mkubwa alipigwa ultrasaundi ya moyo mwaka jana na majibu yakawa mazuri. Naye ameanza kusahau sana. Je, majibu yale hayawezi kutusaidia tukaokoa gharama?

KameraYaGama

Hayawezi, Ndugu Bakari. Ultrasaundi, yaani ekokadiogramu, hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha misuli, vali na jinsi damu inavyosukumwa, na haizioni neva hata kidogo. Mtu anaweza kuwa na ekokadiogramu safi na MIBG tupu. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, nayo ni kitu kingine. Ugumu wa MIBG uko hasa kwenye dawa yenyewe: iodini-123 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya saa 13 hivi na hutengenezwa kwa mashine ya saiklotroni, kwa hiyo haiwekwi stoo ikamsubiri mgonjwa.

Tabibu wa Wazee

Dada MwanaTanga, pole kwa kumuuguza mzee. Pendekezo la kliniki si la kubahatisha. Wajapani wamekitumia kipimo hiki kwa miaka mingi kuliko wengine, na si ajabu, kwani ni daktari wao Kosaka Kenji aliyeanza kuuelezea ugonjwa huu mwaka 1976. Mwaka 2017 vigezo vya kimataifa vya utambuzi viliipandisha MIBG hadi kwenye kundi la vipimo vyenye uzito mkubwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unasema kipimo cha kwanza kiwe kile cha kemikali ya dopamini kwenye ubongo, na kisipopatikana, MIBG ifikiriwe. Daktari wenu anaufuata mwongozo.

Utafiti wa hospitali kadhaa za Japani uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa wa aina hizo mbili. Kipimo kiliwabaini asilimia 69 hivi ya wenye miili ya Lewy, na asilimia 89 ya wenye Alzheimer walionekana na moyo wa kawaida. Kwa hiyo moyo ukionekana mtupu, na hakuna sababu nyingine, ni ushahidi mzito. Ukionekana mzima, bado hujamwondolea mzee ugonjwa huo. Hili la pili familia nyingi hawaambiwi, wakarudi nyumbani wakishangilia. Kipimo pia hakitenganishi demensia hii na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, kwa maana katika yote mawili neva za moyo huathirika.

Vigezo vile vya mwaka 2017 vina dalili kuu nne: fahamu inayopanda na kushuka, kuona watu au vitu visivyokuwepo mara kwa mara, dalili za Parkinson, na kuigiza ndoto usingizini kwa mateke, ngumi au kelele. Mwenye demensia akiwa na dalili kuu mbili, utambuzi wa “yaelekea sana” unakamilika bila kipimo chochote. Akiwa na moja, kipimo chenye uzito kikikubali, hufika hapo hapo. Baba yako mnamhesabia moja, wale watoto wa dirishani. Usingizi wake hukuutaja. Analala na nani?

Jambo moja halisubiri majibu: akilazwa popote au akichachamaa usiku, waambieni wahudumu mapema kwamba anashukiwa kuwa na miili ya Lewy, ili asichomwe haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Wengi wa wagonjwa hawa huathirika vibaya sana na dawa za aina hiyo, wakakakamaa, wakasinzia kupita kiasi, na wengine wakafariki. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kulitafuta jina sahihi la ugonjwa. Kuna na faida ya pili: dawa za demensia za rivastigmini na donepezili mara nyingi huwasaidia, hata maono yakapungua.

MwanaTanga

Nawashukuru sana. Moyo hajawahi kuugua. Ila miguu inamuwaka kwa kisukari tangu zamani, na kwa ajili hiyo hunywa amitriptilini kila usiku.

Analala peke yake tangu mama alipofariki. Baada ya kusoma swali la Tabibu nilimpigia simu ami yangu aliyeko Tanga, ambaye alilala naye chumba kimoja walipokwenda Hija. Alicheka kwanza, kisha akasema baba alikuwa akipigana usiku kucha. Aliwahi kuvunja taa ya kando ya kitanda na asubuhi akasimulia kwamba alikuwa akimfukuza mwizi. Hiyo ilikuwa mwaka 2011. Hatukujua lolote.

KameraYaGama

Amitriptilini imo katika orodha yetu ya dawa zinazozuia MIBG kuingia kwenye neva. Angepimwa hivyo, picha ingeweza kutoka tupu kwa sababu ya kidonge. Hata akiiacha, miguu hiyo yaonyesha kisukari kimekwisha gusa neva, na za moyo huenda hazikusalimika. Msomaji wa picha lazima ayajue yote mawili.

Tabibu wa Wazee

Naongeza kwamba amitriptilini kwa mzee wa umri huo inaweza yenyewe kumvuruga akili na kuzidisha maono, kwa hiyo ipitiwe upya hata kama hakuna picha itakayopigwa. Msiikatishe ghafla nyumbani. Daktari ataipunguza kidogo kidogo na kumpa kitu kingine cha miguu.

Na maelezo ya ami yako, Dada, kwa mizani yangu yana uzito kuliko picha ya moyo wa mwenye kisukari. Kliniki ikiridhika nayo, dalili kuu zimekuwa mbili.

MwanaTanga

Basi nifute miadi ya kipimo?

Tabibu wa Wazee

Usiifute wewe. Wapigie simu kabla ya siku yenyewe, uwasomee maelezo ya ami pamoja na mwaka aliokutajia, uwatajie amitriptilini na miguu, kisha uwaulize kama kipimo bado kinahitajika, au wampeleke hospitali nyingine yenye kipimo cha ubongo, ambacho hakitegemei neva za moyo. Ami akikubali, mwache azungumze na daktari mwenyewe kwa simu, maana kliniki watataka kusikia kama mateke yale yalitokea mara moja au kila usiku.