Kaka aliikana imani mbele ya kanisa, sasa anaambiwa hakuna toba tena. Ni kweli?

Binti_Kirumba
Wakubwa shikamooni, wengine habari za humu. Naomba ushauri, wenye kejeli mpite kimya.

Kaka yetu mkubwa alikuwa mwinjilisti hapa Mwanza. Hakuwa Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Mikesha, mafungo, kuhubiri pale Mwaloni watu wakipakia dagaa, yote kayafanya. Baadaye akaingia kwenye dagaa mwenyewe, kambi za Ukerewe. Mtaji ukakata, injini ikaibiwa, akaenda kwa mganga. Akavaa hirizi, nyingine ikafungwa kwenye mtumbwi. Wazee wa kanisa walipomwita, alisimama katikati ya ibada akasema Yesu hamtambui tena, wamfute. Wakamfuta.

Sasa miaka imepita na ametaka kurudi. Kijana mmoja mhubiri akamfungulia Waebrania 6:4-6: aliyekwisha kuonja kipawa cha mbinguni kisha akaanguka, haiwezekani kumfanya upya hata atubu. Tangu siku hiyo kaka hata chakula hakiombei. Anasema ya nini kumsumbua Mungu aliyekwisha kukata shauri.

Je, mlango umefungwa kweli? Na akirudi, anabatizwa upya?

Sato_Mkavu
Nimekaa siti ya mbele, wajuzi waje.

Nanga
Jibu ni fupi, dada. Hakuwahi kuokoka. 1 Yohana 2:19, walitoka kwetu lakini hawakuwa wa kwetu. Na Yohana 10:28, kondoo wake hakuna wa kuwapokonya mkononi mwake. Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa makanisa ya Kikalvini kule Uholanzi, ililimaliza hili: mteule huweza kujikwaa vibaya sana, ila hapotei moja kwa moja. Kaka yako aokoke sasa, kwa mara ya kwanza.

Binti_Kirumba
Mkuu, nimeishi naye nyumba moja. Kama yule hakuwa ameokoka, basi hata mimi sijui niko wapi. Na wewe je?

Upanga
Nanga kapigwa bao hapo.
Lakini tusibembelezane. Watu watamletea Petro aliyemkana Yesu. Petro aliogopa, usiku ule ule akalia. Huyu alipanga, akasimama, akatamka akiwa na akili zake timamu. Waebrania 10:26, tukifanya dhambi kusudi hakuna tena dhabihu. Na Esau, Waebrania 12:17, alitafuta kwa machozi asipate. Kijana yule kasema kweli, ukweli tu ndio mchungu.

Katekista_Mstaafu
Upanga mwanangu, rudi Mwanzo 27 usome Esau alilia nini. Alililia baraka za mzaliwa wa kwanza. Hakuna mahali alipolilia Mungu wake.

Swali hili kanisa lililipata mapema, tena kwa uchungu kuliko wetu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Rumi na wapewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua hati tu bila kutoa chochote (mjini kwetu nako wangepatikana). Dhiki ilipopoa, maelfu wakarudi wakibisha hodi. Huko Rumi padre Novatian akasema kanisa halina mamlaka ya kuwasamehe, na baadaye wafuasi wake waliitumia Waebrania 6 ile ile. Cyprian, askofu wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, hakukubaliana naye, wala hakukubaliana na wale waliotaka kuwapokea siku hiyo hiyo kama hakuna kilichotokea. Alisema watubu, wapimwe, wapokelewe. Kanisa likafuata njia hiyo, na Novatian akabaki na kundi lake pembeni.

Mwaka 325 mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaweka utaratibu kwa walioikana imani bila hata kulazimishwa. Hao ndio wa kaka yako, na Upanga asome vizuri. Miaka 3 miongoni mwa wasikilizaji, 7 ya kupiga magoti, 2 ya kusali na waumini bila kushiriki meza. Jumla 12. Ni adhabu kali, sikatai, ila ni ya mtu anayerudi ndani. Tena mtaguso ule ule ukasema anayekaribia kufa asinyimwe komunyo.

Kuhusu Waebrania 6, yule kijana aliishia mstari wa 6. Angeendelea hadi wa 9 angemkuta mwandishi akiwaita wasomaji wake wapenzi na kuwatarajia mambo mema. Lile ni onyo kwa anayetaka kuondoka. Kumpigia nalo anayerudi ni kumfukuza mara ya pili. Ambaye moyo wake umekufa kabisa hakai nyumbani akihuzunika kwamba Mungu hamtaki.

Msomeeni 2 Nyakati 33. Mfalme Manase alipiga ramli, aliwaendea wenye pepo wa utambuzi, akapitisha watoto wake motoni. Alipojinyenyekeza kifungoni Babeli, Mungu akamsikia. Injini na hirizi ni kitu gani hapo?

Upanga
Manase alikuwa kabla ya msalaba. Lakini ya Esau nimekubali, nitaisoma tena.

Mama_Igoma
La ubatizo hamjamjibu dada. Kwetu KKKT, kanisa la Kilutheri, habatizwi tena, anarudi kundini: anaongea na mchungaji, anafundishwa, siku ya ibada anaitwa mbele. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 12, linasema waliobatizwa wakaanguka wanasamehewa wakati wowote wanapoongoka, na Wanovatian wanatajwa hapo kwa kukataliwa. Wakatoliki nao hawarudii, anakwenda kwenye kitubio. Wapentekoste wengi watamuuliza kwanza kama alibatizwa utotoni.
Hirizi msichome nyinyi. Azitoe kwa mkono wake mwenyewe, mchungaji akiwepo, na ile ya mtumbwini pia. Huwa wanaisahau hiyo.

Binti_Kirumba
Ya mtumbwini sikuiwaza kabisa. Asante mama, na mzee shikamoo sana. Kaka anapanda kutoka kambini mbalamwezi ikiwaka, maana wakati huo dagaa hawavuliwi. Mchungaji aliyembatiza yuko Magu siku hizi, nitampigia yeye kwanza kabla ya wazee wa hapa. Kuna mzee mmoja wa kanisa bado ana kinyongo.

Katekista_Mstaafu
Huyo mwenye kinyongo naye muiteni. Akikuta mambo yameisha bila yeye atasumbua zaidi.