Mrejesho: miezi mitatu bila nyama, maziwa wala mayai

Niliwauliza kama mtu wa Nairobi mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuacha nyama, maziwa na mayai bila kudhoofika. Miezi mitatu imepita, bado nadunda.

Nyama haikunisumbua nilivyodhani. Ndengu, githeri ya mahindi na maharagwe, na mboga za managu na terere nimevila tangu utotoni. Nilichoacha ni kuviita vyakula vya mwisho wa mwezi. Jumamosi narauka kwenda soko la Marikiti, mfuko unajaa. Kilichonitesa ni chai. Chai ya rangi niliiona adhabu! Nikajaribu maziwa ya soya, yakakatika sufuriani. Sasa natia tangawizi na iliki, nimezoea. Na aliyenionya kwamba chai pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga, asante: nasubiri saa moja, na ndengu nazikamulia limau.

Aliyesisitiza vitamini B12 naye alikuwa sahihi. Mboga na nafaka hazina, kwa hiyo nameza vidonge. Hapo sina ubishi.

Shida ni watu. Shemeji alinipeleka Kariokor kula nyama choma. Nikaagiza ugali, sukuma na kachumbari, mhudumu akauliza kama mimi ni mgonjwa. Kisha mama, kule Murang'a, akanichinjia kuku. Nilikula, nakiri. Kumkatalia mama kuku aliyemfuga mwenyewe sikuweza. Safari ijayo nitampigia simu mapema, kabla hajamkamata.