Tupeane uzoefu: Google ikibadilisha mpangilio wa matokeo yake ya utafutaji, tovuti yako unaiandaaje?

Mwana Shangani
Asalaam aleykum wana jukwaa. Google ikitangaza tu mabadiliko makubwa, simu zinaanza: "Tovuti yangu haionekani, imerogwa?" Nataka wenye tovuti wa Unguja na Pemba waseme walichofanya kabla ya kishindo. Dawa za baada tumeshazisikia sana.

Naanza mie. Tunatembeza wageni hapa mjini. Mabadiliko ya Machi 2024 yalianza tarehe 5, yakaisha Aprili 19, na muda wote huo namba zilikuwa za kupwa na kujaa. Kabla hayajapamba moto nilipakua kutoka Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, maneno yote yanayotuletea watu, nikayahifadhi. Kule data haikai zaidi ya miezi 16. Na sisi Aprili ni masika, wageni wenyewe hawapo; usipoilinganisha na Aprili iliyopita, utamlaumu Google kwa kosa la mvua.

Orodha ile ndiyo iliyotuonyesha kuwa kilichoanguka khasa ni ukurasa wa kisiwa cha Changuu. Wa msitu wa Jozani haukutikisika. Nikausoma tena: kobe asili yao Shelisheli, gereza halikutumika kuwa gereza, basi. Kweli tupu, lakini kila tovuti inayo. Nikakaa na nahodha wetu akanihadithia, tukaandika upya: mashua inaondokea wapi pale Forodhani, maji yakipwa mgeni avue viatu na ateremke vipi, saa ngapi kobe wanakuwa kivulini. Picha tukapiga wenyewe. Ukurasa ulirudi, ila ilichukua miezi, na Google wenyewe wanasema ndivyo inavyokuwa.

Bi Mkubwa wa Bwejuu
Waleykum salaam kaka. Yetu ilikuwa ya fundi. Alitutengenezea tovuti mpya, nzuri mashallah, akabadilisha anwani za kurasa zote bila kuzielekeza za zamani kwenda kwenye mpya. Ikasadifu wiki ile ile ya mabadiliko, hata leo hatujui kipi kilituumiza zaidi. Sasa fundi yeyote akija namwambia mapema: kila anwani ya zamani iwe na 301 yake (agizo la kumpeleka mtu kwenye anwani mpya), moja moja, si zote kutupwa ukurasa wa mbele. Na Google wakitangaza, hagusi kitu mpaka waseme wamemaliza.

Jengine ni picha. Zile za bahari zilikuwa nzito, zimetoka kwenye kamera zikapandishwa hivyo hivyo. Google anaikagua tovuti kwa jicho la simu, na kipimo chake ni kitu kikubwa kuliko vyote ukurasani kionekane ndani ya sekunde 2.5. Jipimeni kwa simu ya bei ndogo na bando, msijipime kwa Wi-Fi ya ofisini.

Popo wa Wete
Huku Pemba wageni ni wachache, kwa hiyo tunaandikia vitu ambavyo kwengine havipo: popo wetu wa Kidike, msitu wa Ngezi. Nilipigiwa na mtu anauza linki mia kadhaa kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza kama anaijua Penguin ya 2012, mabadiliko ya Google yaliyowashusha wenye linki za kununua. Akakata.

Kaskazi
Mie nasema habari zilizochacha. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje lazima awe na bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bado zipo tovuti za wenzetu zinazosema bima ni hiari! Mtu anabadilisha tarehe ya juu tu, maandishi yale yale ya zamani. Mgeni akikwama uwanjani atakutaja wewe.

Mzee wa Ng'ambo
Mnajichosha, vijana. Wageni wangu wengi wanarudi kwa WhatsApp, na waliobaki wanaletwa na waliokwishakuja. Google akipandisha, akishusha, mie nalala.

Mwana Shangani
Hilo nalo ni maandalizi, mzee wangu. Tatizo ni sisi wageni wetu huja mara moja tu maishani.

Bi Mkubwa wa Bwejuu
Swali: nina kurasa za zamani za hoteli ambazo zimeshafungwa. Nizifute?

Kaskazi
Dada, angalia kwanza kama zinaleta watu. Zinazoleta, andika wazi kuwa hoteli imefungwa na uwaonyeshe pa kulala jirani na hapo. Zisizoleta mtu, futa.