Ngome ya Tongguan: iliangukaje mwaka 756 bila ukuta kubomolewa?

Mdau wa Moshi
Habari wakuu. Klabu ya historia hapa Moshi ina mjadala kuhusu uasi wa jenerali An Lushan dhidi ya utawala wa Tang, China. Tongguan iliwazuia waasi karibu miezi 6, kisha ikaanguka ndani ya siku chache. Kosa lilikuwa wapi?

Ramani_Arusha
Mkuu, anza na ardhi. Pale Mto Huang He unashuka kutoka kaskazini na kukata kona kwenda mashariki. Upande mmoja maji, mwingine milima, katikati kanjia kembamba. Mlinzi wa hapo akitulia ndani tu, ameshinda. Geshu Han, jenerali wa Tang aliyeilinda, alilijua hilo: mwenyewe alikuwa na kiharusi, na askari wake wengi walikusanywa harakaharaka. Lakini waziri mkuu Yang Guozhong alimchochea Mfalme Xuanzong, amri ikaja: toka ukapigane. Angekataaje? Majenerali wenzake Gao Xianzhi na Feng Changqing walikuwa wameshauawa kwa kurudi nyuma hadi hapohapo.

Julai akatoka. Karibu na Lingbao kuna korongo la li 70 (kipimo cha Kichina), zaidi ya kilomita 30. Ni kama Moshi hadi Himo na ziada. Cui Qianyou, kamanda wa waasi, alitanguliza askari wachache, wamekaa ovyo makusudi. Jeshi la Tang likawadharau, likaingia. Magogo na mawe yakaporomoshwa kutoka juu; kwa msongamano ule hata mkuki haukuzungushika. Geshu Han akasukuma mbele magari ya farasi afungue njia. Cui akaiziba kwa magari ya nyasi na kuyatia moto, kwa kuwa mchana ule upepo ulivuma kutoka mashariki. Watang hawakuona kitu, wakafyatua mishale ndani ya moshi mpaka ikaisha. Hapo wapanda farasi wakawatokea nyuma.

Handaki3
Usisahau mahandaki 3 mbele ya ngome: upana kama mita 6, kina mita 3. Yalichimbwa kwa ajili ya adui, lakini waliokimbia ndio waliotumbukia humo, na wenzao wakavukia juu ya miili yao. Kumbukumbu za Tang zinasema katika jeshi la karibu watu 200,000 walirudi 8,000 hivi. Ukuta ulikuwepo, wa kuulinda hawakuwepo.

Mdau wa Moshi
Asanteni sana. Je, ilizungukika?

Ramani_Arusha
Ndiyo, kwa kuvuka mto. Mwaka 211, kabla ya Tang, mbabe wa vita Cao Cao alimshikilia adui yake Ma Chao hapo Tongguan kwa jeshi kuu, huku makamanda wake Xu Huang na Zhu Ling wakivuka usiku kaskazini, kivuko cha Puban, na watu 4,000, wakapiga kambi ng'ambo ya magharibi. Kisha Cao Cao naye akavuka.