Mgeni wa siku mbili Mwanza: Jiwe la Bismarck, Saanane, Kageye au Ukerewe?

Mkwe wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Baba mkwe anakuja kutoka Dodoma mwisho wa mwezi. Kafundisha historia sekondari mpaka kastaafu, na ameshasema hataki kutembezwa madukani: anataka kumbukumbu za kale za kando ya ziwa. Anakuja na wajukuu wawili wa shule ya msingi. Nina Jumamosi na Jumapili tu, usafiri upo. Hizo sehemu nne haziwezi kuenea. Mngeacha ipi?

Kirumba Mwaloni
Jiwe la Bismarck halihitaji ratiba. Unapaki pale Kamanga karibu na kivuko, mnapiga picha, mmemaliza. Wajerumani walifungua kituo chao Mwanza mwaka 1892, wakalibandika jiwe jina la Chansela wao Otto von Bismarck, hadithi imeishia hapo. Hakuna aliyelipanga lile, ni miamba iliyoliwa na mvua na jua. Pitia jioni mkienda kula sato.

Mwalimu wa Magu
Kwa mtu wa historia, Kageye, na sioni ushindani. Yule mpelelezi Mzungu, Stanley, alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na wapagazi wamebeba mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipandevipande. Wakafika Kageye tarehe 27 Februari 1875, wakaiunganisha pale ufukweni, na Machi akaingia nayo majini. Alizunguka ziwa lote akarudi hapohapo Mei. Safari ile ndiyo iliyomaliza ubishi wa Wazungu kama hili ni ziwa moja au ni mkusanyiko wa maziwa. Wakati yeye yuko majini, msaidizi wake kijana, Frederick Barker, alifia kambini Kageye.

Na kabla ya Stanley palikuwa bandari ya wafanyabiashara wa pwani, pamoja na biashara ya watumwa. Hilo mzee asiliruke, maana wengi wakisikia Kageye wanamtaja Mzungu tu. Nakuonya mapema: majengo ya kushangaza hakuna. Bila mtu wa kueleza utaona ufukwe na miti. Tafuteni mwenyeji kwanza.

Mama Watatu
@Mwalimu wa Magu shikamoo, ila hao watoto umewasahau. Ufukwe, miti na maelezo ya saa mbili? Watalia kurudi nyumbani. Saanane boti ni dakika chache kutoka mjini, kuna pundamilia, swala, pimbi wamejaa kwenye mawe. Na historia ipo: kisiwa kina jina la Mzee Saanane, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Hifadhi ya Taifa kimekuwa 2013.

Binti Nansio
Mnaiacha Ukerewe kirahisi hivyo? Wamisionari wa Kiingereza Shergold Smith na O'Neill waliuawa kwetu Desemba 1877, baada ya kumpa hifadhi mfanyabiashara Songoro aliyekuwa amegombana na mtemi Lukonge. Hori la Smith hapo Mwanza limepewa jina la huyohuyo. Bado ikulu ya watemi Bukindo, bado jiwe linalocheza kule kisiwa cha Ukara. Lakini nisikudanganye shemeji: feri inakula masaa ya kutosha kwenda na kurudi. Ukija Jumamosi lala Nansio, na Mwanza uisahau.

Kirumba Mwaloni
Binti Nansio kajipinga mwenyewe 😂

Binti Nansio
Nimesema ukweli, wewe endelea kula sato.

Isamilo Juu
Mnatafuta mbali. Ule mnara wa saa mjini una maandishi kwamba mpelelezi Mwingereza Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858, ati "akaligundua". Mpe mwalimu nafasi ya kubishana na hayo maandishi, atafurahi kuliko boti. Halafu Igoma, makaburi ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Hapo watoto waelezwe kwanza nyumbani, na msiende kupiga picha za kuchekacheka. Wapo wanaokuja kuwaona ndugu zao.

Mkwe wa Nyegezi
Asanteni. Ukerewe naiahirisha, dada usininunie. Mzee akija likizo ya Desemba tutalala huko. Jumamosi asubuhi Kageye, jioni Kamanga. Jumapili mnara wa saa, kisha mama mkwe wao awapeleke watoto Saanane wakati mimi na mzee tuko Igoma. Mwalimu, huyo mwenyeji wa Kageye anapatikana vipi?

Mwalimu wa Magu
Piga hodi ofisi ya kijiji ukifika, usishuke moja kwa moja ufukweni. Barabara ya Kayenza, na mtoke alfajiri, jua la kule mchana halina huruma. "Mama mkwe wao" ndiyo nani tena? Bibi yao?

Mkwe wa Nyegezi
Bibi yao, mwalimu. Simu hii.